Mahari Iliyoandikwa, Bilauri Iliyovunjwa

Neno mahari tumelipata kwa Waarabu, tukalizoea hadi tukasahau kwamba lilikuja na jahazi. Lina ndugu yake ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia. Katika Kiebrania cha Torati, mali anayotoa mwanamume ili apewe mke huitwa mohari. Shekemu alipomtaka Dina, binti Yakobo, aliwaendea baba na kaka zake msichana, akawaambia wataje mohari kwa kadiri watakavyo, naye atalipa. Yakobo mwenyewe, alipokuwa kijana asiye na fedha, alilipa kwa jasho: miaka saba ya kuchunga mifugo ya Labani ili ampate binti yake, Raheli.

Kuna undugu wa pili wa maneno. Kitabu, katibu na katiba ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa kuandika. Kiebrania kina mzizi huohuo, na ndiko lilikotoka neno ketuba, maana yake kilichoandikwa. Ketuba ni hati ya ndoa ya Kiyahudi. Kwa mafundisho ya marabi, mume haruhusiwi kukaa na mkewe hata saa moja ikiwa mke hana hati hiyo.

Nimeanza na maneno haya mawili kwa sababu ndiyo yanayobeba kisa chote. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wayahudi waliliona hilo mapema katika jambo la ndoa. Waliichukua mahari, wakaitia kwenye maandishi, kisha wakamkabidhi mke karatasi aitunze. Mambo mengine yote yanayoshangaza macho ya mgeni katika harusi zao, kile kitambaa juu ya miti minne, ile mizunguko saba, ile bilauri inayopasuliwa kwa kisigino, yamejipanga kuizunguka karatasi hiyo. Anayetaka kuyaelewa na ayafuate kwa utaratibu wake, tangu alfajiri ya siku yenyewe.

Harusi inayoanza kwa kufunga

Kwa Wayahudi wanaoshika mila, siku ya harusi huanza kwa njaa. Bwana harusi na bibi harusi hufunga tangu alfajiri hadi wamalize kufungishwa ndoa. Katika sala ya alasiri husoma maungamo yaleyale yanayosomwa Siku ya Upatanisho, siku nzito kuliko zote katika mwaka wao. Imani yao ni kwamba anayeoa na anayeolewa hufutiwa dhambi zake siku hiyo. Kila mmoja anaanza ukurasa mpya, na hapaswi kuuanza akiwa ameshiba na kulewa.

Siku chache kabla, bibi harusi huwa amekwenda mikve. Hilo ni birika lililokusanya maji ya mvua au ya chemchemi, maji ambayo hayakuchotwa kwa ndoo, na lazima litimize kipimo cha kale cha sea 40. Huzama mwili mzima, maji yaufikie kila unywele. Kwa Wayahudi wa Morocco safari hiyo ni sherehe ya wanawake: mama, shangazi na mashoga humsindikiza kwa nyimbo na vigelegele, na akitoka majini hupewa vitu vitamu. Bibi aliyewahi kuwa somo au kungwi wa mwari pwani ya kwetu angejua mara moja kinachoendelea pale.

Bwana harusi wa Kiashkenazi, yaani wa jamii zilizokulia Ujerumani, Poland na Urusi, huvaa kiteli juu ya nguo zake. Ni kanzu nyeupe nyepesi. Kanzu hiyo ataivaa tena kila Siku ya Upatanisho, na siku ya kufa kwake atazikwa nayo. Vazi la harusi na sanda ni nguo moja. Anayesimama kuoa amevaa ukumbusho kwamba ahadi anayotoa ina mwisho mmoja tu unaostahili.

Kabla ya kwenda kwenye ndoa yenyewe kuna tendo moja fupi, nami naona ni zuri kuliko mengi marefu. Bwana harusi huongozwa na wazee na rafiki zake, wakiimba na kucheza, hadi alipoketi bibi harusi. Anamtazama usoni. Akisharidhika, anamteremshia utaji kwa mikono yake mwenyewe. Wayahudi wa Ulaya Mashariki huliita tendo hilo bedekeni, na kisa chake msomaji wa Biblia anakijua. Baada ya ile miaka saba ya kazi, Labani alimwingizia Yakobo bibi harusi gizani, na kulipopambazuka akakuta ni Lea, dada mkubwa. Tangu hapo wajukuu wa Yakobo hutazama kwanza. Wengine hukumbuka pia kwamba Rebeka alichukua utaji akajifunika alipomwona Isaka akimjia shambani.

Nyumba isiyo na kuta

Ndoa hufungwa chini ya hupa, kitambaa kilichotandazwa juu ya miti minne, ambayo mara nyingi hushikwa na marafiki. Wengine hutumia taliti, shali ya sala yenye vishada kwenye pembe zake, labda ya babu wa mmoja wao. Hupa haina kuta hata moja. Walimu wao huifananisha na hema la Ibrahimu, lililokuwa wazi pande zote ili mgeni atokaye upande wowote asihangaike kutafuta mlango. Nyumba mpya inafundishwa ukarimu kabla haijapata hata sufuria. Waashkenazi hupenda kuisimamisha nje, usiku, chini ya nyota, kwa sababu Ibrahimu aliahidiwa uzao mwingi kama nyota hizo.

Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, inasimulia desturi ya watu wa mji wa Betari, karibu na Yerusalemu. Akizaliwa mvulana walipanda mwerezi, na akizaliwa msichana walipanda msonobari. Watoto wakikua na kuoana, miti yao ilikatwa matawi, na kwa matawi hayo ikajengwa hupa. Mtu alikua pamoja na paa la ndoa yake.

Bibi harusi wa Kiashkenazi akifika chini ya hupa humzunguka mume mtarajiwa mara saba, akiongozwa na mama yake na mama mkwe. Saba ni siku za uumbaji, kwa hiyo kwa hatua zake anajenga ulimwengu mdogo. Wengine huzikumbuka kuta za Yeriko, zilizoanguka baada ya kuzungukwa mara saba siku ya saba, na husema kwamba kati ya watu wawili wasiojuana vizuri nako kuna ukuta wa kuangushwa. Jamii nyingine huzunguka mara tatu, kwa kuwa nabii Hosea alilirudia neno la posa mara tatu alipoueleza upendo wa Mungu kwa watu wake. Wasefaradi wengi, ambao asili yao ni Hispania na nchi za Bahari ya Kati, hawana mzunguko kabisa.

Pete ambayo haimdanganyi mtu

Sehemu ya kwanza ya ndoa huitwa kidushini, neno la mzizi wa utakatifu, mzizi uleule uliomo katika Quds, jina ambalo Waislamu huuita mji wa Yerusalemu. Huanza kwa baraka juu ya kikombe cha divai, kisha bwana harusi hutoa pete.

Pete hiyo ina masharti. Iwe mali yake halisi, si ya kuazima. Iwe ya madini matupu, isiyo na kito. Sababu ya sharti la pili ni ya kisheria: thamani ya kito si rahisi kuijua kwa macho, na mwanamke akidhani amepewa almasi kumbe ni kioo, ridhaa yake itakuwa imepatikana kwa hila. Thamani ya pete ya dhahabu au fedha isiyo na kito inaonekana wazi. Na haihitaji kuwa kubwa. Marabi wa shule ya Shamai walitaka mwanamke aposwe kwa kitu kisichopungua dinari nzima, wale wa shule ya Hileli wakasema peruta yatosha, sarafu ya shaba iliyokuwa ndogo kuliko zote sokoni. Sheria ikafuata shule ya Hileli, na hivyo hakuna kijana anayeweza kushindwa kuoa kwa sababu ya bei ya pete.

Huivisha kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kidole kinachoonekana vizuri na mashahidi, huku akitamka sentensi moja fupi kwamba kwa pete hiyo mwanamke huyu amewekwa wakfu kwake, kwa sheria ya Musa na Israeli. Mashahidi wawili wasio jamaa wa maharusi hutazama na kusikiliza. Kazi yao inapita kuthibitisha tu. Pasipo wao hakuna ndoa kabisa, hata kama mume na mke wote wawili wataapa kwamba pete ilitolewa. Mwanamke naye haozwi kwa nguvu: bila ridhaa yake pete ni chuma tu.

Zamani mambo yaliishia hapo kwa muda. Mwari alirudi kwao, akapewa hadi miezi 12 ya kujitayarisha, ndipo akaletwa kwa mumewe kwa sherehe ya pili. Lakini kisheria alikwisha kuwa mke wa mtu, na kumwacha kulihitaji talaka. Msomaji wa Injili ya Mathayo aliyewahi kujiuliza kwa nini Yusufu alifikiria kumwacha Mariamu kwa siri, ilhali walikuwa wachumba tu, jibu lake ni hilo. Katika Zama za Kati jamii za Kiyahudi ziliziunganisha sherehe hizo mbili siku moja. Ili zisichanganyike, katikati yake waliweka kusomwa kwa ketuba kwa sauti mbele ya watu wote.

Karatasi za Babatha

Ketuba husomwa kwa Kiaramu, lugha iliyokuwa ya sokoni na nyumbani wakati hati hizo zilipopata sura yake. Sehemu kubwa inahusu wajibu wa mume. Atamlisha mkewe, atamvika, atampa haki yake ya unyumba. Akimwacha, au akifa kabla yake, mke atalipwa zuzi 200 za fedha ikiwa aliolewa bikira, na 100 ikiwa alikuwa mjane. Zuzi 200 hazikutajwa ovyo. Kwa sheria za marabi, mwenye kiasi hicho hakuhesabiwa maskini wa kupokea sadaka. Aliyeachwa aliondoka na cha kuanzia.

Kiasi hicho kiligeuza mohari ya zamani. Mohari ililipwa mwanzoni, tena kwa baba wa msichana. Ketuba ikaifanya deni la mke mwenyewe, linalolipwa ndoa inapokwisha. Mageuzi ya mwisho yanahusishwa na rabi Shimoni bin Shetahi, aliyeishi katika karne ya mwisho kabla ya Kristo. Talmudi inaeleza kwamba awali fedha za mke ziliwekwa kando, na mume akikasirika alikuwa akimwambia tu achukue fedha zake aende. Shimoni akaamua kwamba fedha zisiwekwe kando, ila mali yote ya mume iwe dhamana ya deni hilo, hata joho lililo begani mwake. Mwanamume aliyetaka kuacha kwa hasira alilazimika kwanza kuhesabu atauza nini. Wasomaji Waislamu wataikumbuka hapa mahari inayobaki kuwa deni shingoni mwa mume.

Je, karatasi hizo zilifanya kazi kweli? Mwaka 1961 wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Yigael Yadin waliingia katika pango moja la Nahal Hever, kwenye majabali ya magharibi mwa Bahari ya Chumvi. Katika ufa wa mwamba walikuta mfuko wa ngozi, na ndani yake hati 35 hivi, zikiwa zimefungwa kwa uangalifu. Zilikuwa za mwanamke mmoja Myahudi aitwaye Babatha, aliyeishi kwenye mashamba ya mitende kusini mwa bahari hiyo mwanzoni mwa karne ya 2.

Babatha alifiwa na mume wa kwanza, akabaki na mtoto mdogo. Walezi wa mtoto walipompa matunzo kiduchu, aliwashitaki kwa gavana wa Kirumi. Akaolewa tena na Yuda, mtu aliyekuwa na mke mwingine, Miriam. Ketuba yake ya ndoa hiyo ya pili imo katika mfuko, na inataja zuzi 400, mara mbili ya kiwango cha kawaida. Imo pia hati ambayo Yuda alikiri kupokea kwake dinari 300 kama amana. Yuda alipofariki, Babatha aliyashika mashamba yake ya mitende badala ya deni na fedha za ketuba alizokuwa akimdai, na mwaka 130 aliuza mavuno ya tende za mashamba hayo. Mke mwenza na warithi wengine walimpinga, yakawa mashauri. Yeye alikuwa na karatasi.

Miaka miwili baadaye yalizuka maasi ya Wayahudi dhidi ya Warumi, yakiongozwa na Bar Kokhba. Babatha akakimbilia pangoni na mfuko wake, na habari zake zinaishia hapo. Mtu anayekimbia vita huchukua kilicho cha thamani kuliko vyote. Yeye alichukua hati.

Katika sinagogi ya Ben Ezra, mjini Fustat, Cairo ya kale, kulikuwa na chumba cha kuhifadhia maandishi yaliyochakaa, na mwishoni mwa karne ya 19 vilikutwa humo vipande vingi vya ketuba za karne ya 11 na 12. Mali ya bibi harusi imeorodheshwa kimoja kimoja: vikuku, mito, sinia za shaba. Baadhi zina masharti ya ziada, kwamba mume asioe mke wa pili wala kununua kijakazi bila ridhaa ya mkewe. Baadhi ya wanaume hao walikuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, watu waliosafiri na pepo za msimu kupitia Aden hadi pwani ya Malabar. Wapo waliomwachia mke talaka yenye sharti kabla ya kupanda chombo, ili asipotee baharini akamwacha mkewe si mke wala si mjane.

Pingu ambayo hati haikuifungua

Hofu hiyo ya mwisho bado ipo, na mtu anayeisifu ketuba hana budi kuisema. Kwa sheria ya Kiyahudi ndoa huvunjwa kwa hati ya talaka iitwayo geti, na ni mume anayeitoa. Mume akitoweka au akikataa kuitoa, mke hawezi kuolewa tena. Anaitwa aguna, aliyefungwa kama chombo kilichotiwa nanga. Katika mwaka 1000 hivi, Rabi Gershom wa mji wa Mainz, Ujerumani, aliwapiga marufuku Waashkenazi kuoa mke zaidi ya mmoja, na pia kumwacha mke bila ridhaa yake. Ilikuwa hatua kubwa, lakini haikumpa mke ufunguo.

Nchini Israel, ambako ndoa na talaka za Wayahudi ziko chini ya mahakama za kirabi, sheria ya mwaka 1995 inaruhusu mahakama hizo kumnyima mume mkaidi leseni ya udereva na pasipoti, kumzuilia akaunti ya benki, hata kumfunga jela. Kwingineko marabi wengi huwataka maharusi wasaini mapatano ya ziada kabla ya harusi, yenye fidia ya kila siku kwa anayezuia geti. Kazi haijaisha. Naiheshimu jamii iliyoiona hati yake ina tundu, ikaendelea kuandika ili kuliziba.

Baraka saba na fungate

Ketuba ikishasomwa hukabidhiwa mke, na kikombe cha pili cha divai hujazwa. Sasa huja baraka saba. Huanza na mzabibu, hupanda hadi uumbaji wa mwanadamu, hutua kwenye mji wa Yerusalemu unaotamani kuwaona watoto wake wakirudi, hupita bustani ya Edeni walikokuwa mume na mke wa kwanza, na kuishia kwenye sauti za bwana harusi na bibi harusi mitaani. Watu wawili wanaooana jioni ya leo wanaingizwa kwenye kisa kilichoanza na Adamu.

Baada ya hapo maharusi huongozwa hadi kwenye chumba na kufungiwa peke yao kwa dakika chache, mashahidi wakilinda mlango. Kitendo hicho huitwa yikhudi, neno la umoja, ndugu wa tauhidi. Huko ndiko wanakofungua saumu, na mara nyingi chakula cha kwanza cha ndoa yao hakina mgeni wala mpiga picha.

Nje ni ngoma. Kumfurahisha bibi harusi kwao ni amri ya dini, na Talmudi inawasifu marabi wazee waliocheza mbele ya maharusi wakiwa na matawi ya mhadasi mikononi. Shule ya Shamai na ya Hileli ziligombana hata kuhusu namna ya kumsifu: Shamai wakataka asifiwe jinsi alivyo, Hileli wakasema kila bibi harusi ni mzuri na asifiwe hivyo. Sheria imeelekeza kwamba msafara wa harusi ukikutana njiani na msafara wa maziko, wa maziko upishe.

Halafu huja siku saba ambazo Mswahili hahitaji kuelezwa, kwani ni fungate. Tofauti ni kwamba maharusi hawajifichi. Kila jioni huandaliwa karamu nyumba nyingine, na baraka saba hurudiwa baada ya kula, mradi wapo wanaume kumi na yupo angalau mgeni mmoja ambaye hakuhudhuria kabla. Wanamwita uso mpya. Kwa sharti hilo moja dogo, jamii nzima hupata zamu ya kuwajua majirani wake wapya.

Hina na vazi kubwa

Harusi ya Kiyahudi imevaa nguo za kila nchi ilikopita. Ulaya Mashariki mama wa pande mbili huvunja sahani siku ya kuandikiana mapatano ya posa, kuonya kwamba chombo kilichovunjika hakirudi kama kilivyokuwa. Yemen na Morocco usiku unaotangulia harusi ni usiku wa hina, kama Lamu, Unguja na Mombasa. Bibi harusi wa Kiyahudi wa Morocco huvaa vazi la mahameli lililodariziwa nyuzi za dhahabu, keswa el-kebira, kiswa kikubwa. Wa mji wa Sana'a, Yemen, alivikwa kilemba kirefu cha lulu na matabaka ya mikufu ya fedha, kazi ya masonara ambao wengi wao walikuwa Wayahudi wenyewe. Karibu Wayahudi 50,000 wa Yemen walipohamishiwa Israel kwa ndege mwaka 1949 na 1950, waliacha nyumba na maduka. Usiku wa hina walikwenda nao, na wajukuu wao wanaufanya hadi leo.

Bilauri chini ya kiatu

Tumebakiwa na bilauri. Mwishoni mwa yote yanayofanyika chini ya hupa, bilauri iliyofungwa kwenye kitambaa huwekwa sakafuni, na bwana harusi huikanyaga kwa nguvu. Ikilia tu, watu hupaza sauti: Mazal tov, yaani bahati njema! Mgeni hudhani sauti ile ni ya shangwe, mfano wa fataki.

Chimbuko lake linaelezwa katika Talmudi. Rabi aitwaye Mar bin Ravina alikuwa akimwoza mwanawe, akaona wenzake wamezidisha furaha. Akaleta kikombe cha thamani ya zuzi 400 akakivunja mbele yao, wakanyamaza. Kikombe hicho kilikuwa sawa na ketuba mbili za bikira. Rabi Ashi naye akafanya hivyohivyo kwa bilauri nyeupe.

Kadiri miaka ilivyopita, kuvunja huko kulipata maana inayojulikana na kila Myahudi leo: ukumbusho wa Hekalu la Yerusalemu, lililoteketezwa na Warumi mwaka 70. Si ukumbusho pekee. Mishna, mkusanyo wa sheria uliotangulia Talmudi, inasema kwamba vita vya Warumi viliwaondolea bwana harusi na bibi harusi mataji waliyokuwa wakivaa. Katika jamii nyingi bwana harusi hupakwa majivu kwenye paji la uso kabla ya kuoa. Katika saa ambayo mtu anastahili kusahau kila kitu, mila inamgusa bega na kumkumbusha kwamba kuna nyumba iliyoungua.

Mila hiyo ilijaribiwa vikali karne iliyopita. Kambi ya Wanazi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, ilikombolewa na Waingereza mwezi Aprili mwaka 1945 ikiwa imejaa maiti na watu waliokaribia kuwa maiti. Manusura waliowekwa jirani na hapo walianza kuoana karibu mara moja, wengi wao wakiwa hawana baba wa kuwaongoza wala mama wa kuwashika mkono kwenye hupa. Mwanzoni mwa mwaka 1946 bibi harusi mmoja alishonewa gauni kwa kitambaa cheupe cha parachuti. Alipomaliza kulivaa alimwazima mwingine, naye akamwazima mwingine, likapita kwa maharusi wengi. Gauni hilo leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Bergen-Belsen. Watu wale hawakuhitaji bilauri kuwakumbusha kilichovunjika. Na bado walioana, kwa hati na mashahidi, kama baba zao.

Hapo ndipo nilipoielewa harusi hii. Ni ya watu ambao wamefukuzwa mara nyingi, wakajifunza kwamba hisia pekee hazivuki mpaka. Upendo wanaushangilia kwa siku saba, lakini wajibu wanauandika, na msiba hawaufichi.

Sisi nasi tuna kamati za harusi, kadi za michango, kumbi na magari yenye maua. Tuna mahari, hina, somo na fungate, mirathi ya thamani ambayo vijana wengi wanaipita bila kuambiwa maana yake. Basi kabla ya kulipia ukumbi, wazee wa pande mbili na wakae na maharusi wao, wawaeleze kila mila na sababu yake, na kila mmoja atamke, kisha aandike, atakachomfanyia mwenzake siku ya njaa, ya ugonjwa na ya kifo. Bibi harusi apewe nakala. Babatha alikimbia vita na nakala yake, na hadi leo tunaisoma.